Matangi juu ya Reli Yetu: Ajali Ina Kinga

Dominika ya tarehe 12 Novemba 2017, garimoshi la mizigo lililotoka Lubumbashi likielekea Luena lilianguka karibu na Lubudi, katika Jimbo la Lualaba. Lilikuwa likivuta wagoni 13 za mafuta. Matangi yaliporomoka bondeni, yakashika moto, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisi wa Kakontwe tuna sababu ya kutosahau habari hiyo. Ili kufika Lubudi, matangi yale yalikuwa yamepita kwanza hapa Likasi, mjini mwetu, kati ya nyumba na masoko yetu.

Msibani husemwa kwamba ajali haina kinga. Neno hilo hufariji, lakini pia hufunika mengi. Tarehe 6 Julai 2013, huko Lac-Mégantic nchini Kanada, garimoshi lenye matangi 72 ya mafuta ghafi, lililoachwa mlimani bila mtu, liliteremka lenyewe usiku hadi katikati ya mji. Watu 47 waliuawa. Wakanada hawakuishia katika kulia. Mwaka 2015 wao na Marekani walitoa kanuni mpya: chuma cha tangi kinene zaidi, yapata milimita 14 badala ya 11, ganda la nje la kuzuia joto, ngao mbele na nyuma, na kinga ya vali za juu. Wenye matangi ya zamani walipewa miaka kadhaa ya kuyarekebisha au kuyaondoa. Basi kinga ipo, nayo huanzia katika sheria.

Nchi yetu haianzi bila kitu. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kumpa wajibu wa kuyatetea. Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka misingi ya ulinzi wa mazingira. Lakini msingi peke yake si nyumba. Mwananchi aishiye kando ya reli anahitaji kanuni zilizo wazi: nani hulipima tangi, baada ya muda gani, nani huzikagua breki na njia, na nani hujibu mbele ya mahakama anaporuhusu tangi bovu litoke stesheni.

Wapo watakaosema kwamba reli yetu ni maskini, na kwamba masharti makali yataiua. Hoja hiyo ina uzito. Mzigo ukikimbia reli huenda barabarani, na barabarani hakuna usalama zaidi. Tarehe 20 Februari 2019, lori lililobeba asidi ya sulfuriki liligongana na magari mengine katika kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Watu wapatao 20 walikufa, wengine kwa kuunguzwa na asidi. Ndiyo maana tunaomba sheria moja itakayobana reli na barabara pamoja, na itakayotekelezwa kwa hatua. Migodi ya shaba na kobalti haiwezi kufanya kazi bila asidi na mafuta. Wanaofaidika na bidhaa hizo washiriki gharama ya kuzisafirisha kwa usalama. Si haki faida iende mbali, na hatari ibaki kwa mama auzaye makaa kando ya reli.

Kuna jambo ambalo unene wa chuma hautalitatua. Wengi waliokufa Lubudi walikuwa wamepanda garimoshi la mizigo kwa siri. Machi 2022, huko Buyofwe katika eneo hilohilo la Lubudi, garimoshi jingine la mizigo lilianguka, na watu wapatao 75 wakafa. Wengi wao nao walikuwa wamedandia. Ni rahisi kuwaita wakosefu na kufunga shauri. Lakini nani hukaa juu ya tangi la petroli kwa kupenda? Hupanda huko mtu aliyekosa garimoshi la abiria, au aliyekosa nauli. Sheria itakayowafukuza bila kuwapa behewa la kukalia itawahamishia hatari mahali pengine tu.

Nasi tujihoji. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu ya Kusini, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine wakichota. Moto uliua watu zaidi ya 230. Tuwafundishe watoto wetu, nyumbani na shuleni, kwamba tangi lililoanguka hukimbiwa. Na wakuu wa mji wapewe mapema taarifa ya kinachopita, ili zimamoto na hospitali wajue kama wanakutana na petroli au asidi, kwa maana dawa zake si moja.

Tuwaombee marehemu wa Lubudi, Buyofwe, Kabwe na Sange. Kisha tuwaulize wabunge wetu, wa Kinshasa na wa Lubumbashi, kanuni hizo zitatoka lini. Tuwaulize sasa, kabla ya kuitwa tena msibani.