Sifa za Mabwana wa Mikarafuu

Yako majumba ya pwani ambayo ukiketi barazani utasikia zikisifiwa enzi za mabwana wa mashamba ya Unguja: kasri la Mtoni, farasi, kahawa, mikarafuu iliyopangwa safu. Mimi nasomesha watoto Mbeya, na toka huku kushuka Ziwa Nyasa si mbali. Huku kisa hicho husimuliwa kwa upande wa pili.

Saleh bin Haramil hutajwa kuwa ndiye aliyeleta karafuu Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said akayatwaa mashamba yake, kisha akaamuru kila mnazi mmoja upandiwe mikarafuu mitatu. Nani aliyepanda? Nani aliyechuma? Ni watu waliotolewa nchi za Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Hujibiwa: "Lakini walipewa Alhamisi na Ijumaa walime makonde yao." Ajabu! Umemla mtu siku tano, mbili wazihesabu kuwa hisani? Na mtu huyo kwao alikuwa huru. Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali amuuzaye mtu huru akala thamani yake. Kuvamia kijiji usiku kulikuwa jihadi gani?

Utajiri wenyewe haukudumu. Miaka ya 1840 bei ilianguka, mashamba yakawekwa rehani kwa wafanya biashara wa Kihindi, na tufani ya 1872 ikaing'oa mikarafuu ya Unguja. Amri ya 1897 ya kukomesha utumwa ilitoka kwa kushinikizwa na Waingereza, si kwa khutba zetu za Ijumaa. Hilo ndilo liniumalo. Mwanafunzi mmoja aliniuliza masheikh wa zama hizo walikuwa wapi. Nikamjibu kuwa wengine walikuwa na mashamba.