Mwerevu asiyeweza kusoma: Sheria yamtaja, darasa lamsahau

MWANAFUNZI anayeweza kutengeneza redio iliyoharibika lakini akashindwa kusoma aya moja ubaoni mara nyingi huitwa mvivu.

Huenda mtoto huyo ana kipaji kikubwa na wakati huo huo ana disleksia, hali inayomtatiza mtu kuoanisha herufi na sauti zake. Hali hii haitokani na uzembe wala upungufu wa akili.

Watoto wa aina hii ni wagumu kutambuliwa. Werevu wao hufidia udhaifu, wakapata alama za wastani. Nao udhaifu huo hukifunika kipaji. Mwalimu hubaki asione la kusifu wala la kutibu.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawajumuisha wenye vipaji maalumu katika elimu maalumu, sawa na walemavu. Hata hivyo, makundi hayo yameorodheshwa kila moja kivyake, na aliye katika mawili hujikuta hana pa kuegemea.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho 2023. Chini ya mfumo wa umilisi, mwanafunzi wa Gredi ya 9 hupangiwa mkondo wa Sekondari Pevu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Katika upangaji huo, tathmini ya KJSEA ya Gredi ya 9 huchangia asilimia 60 ya alama. Tathmini ya Gredi ya 6 huchangia asilimia 20, na ya shuleni katika Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Hivyo, mtoto aliyeumbiwa uhandisi anaweza kuukosa mkondo wake kwa sababu tu hakuyasoma maswali kwa kasi.

Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa dakika 30, lakini ni sharti mahitaji hayo yajulikane mapema. Vituo vya kuwatathmini watoto vimekuwepo nchini tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu (KISE) iliyoko Kasarani, Nairobi, ilianzishwa 1986.

Kwa mzazi anayetafuta shule, ukubwa wa karo si kigezo. Aulize iwapo mwanawe atapewa kazi nzito katika somo analolimudu, atafundishwa kusoma hatua kwa hatua, na ataruhusiwa kujibu kwa mdomo au kwa vitendo. Shule inayoshughulikia udhaifu pekee itamkatisha tamaa. Inayotazama kipaji pekee itamwacha aanguke.

Udongo upatize ungali maji. Tathmini inayofaa ni ile ya madarasa ya chini, kwani kumngojea mtoto huyu hadi Gredi ya 9 ni kumpokea akiwa tayari ameamini kwamba yeye ni mjinga.