Aliyepotewa na Usemi Hajapotewa na Akili

Mwalimu mmoja niliyefanya kazi naye alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulipooza, na maneno yakamtoroka. Waliokuja kumjulia hali walimsema mbele yake, kana kwamba akili nayo imemtoka. Hilo ni kosa. Mnamo 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi, ilhali alitamka karibu silabi moja tu.

Je, mazoezi yafaa kitu? Naam. Utafiti umeonyesha kwamba tiba ya usemi huwasaidia wagonjwa kuwasiliana, hasa inapofanywa mara kwa mara. Hata aliyeugua miaka iliyopita aweza kupata nafuu. Tatizo ni kwamba wataalamu wa tiba hii nchini ni wachache, na wengi wako mijini. Yatupasa kuwafunza wengine, watakaomhudumia mgonjwa kwa lugha anayoijua tangu utotoni.

Nyumbani nako, tumpe mgonjwa nafasi. Tusimmalizie kila sentensi. Mwenzangu yule alifanya mazoezi kwa miezi mingi. Siku moja nilipobisha hodi, aliniita kwa jina. Haba na haba hujaza kibaba.