MWENYE KALAMU AKIPATA KITI

Ndugu wanachama, katika mkutano wa tawi moja hapa Mwanza, upande wa Kirumba, kijana mmoja alisimama akasema: "Wenzangu, tusipoteze wakati. Mgombea wetu awe yule mwandishi wa khabari. Sauti yake twaijua, na jina lake lajulikana toka Ukerewe mpaka Geita." Watu wakapiga makofi. Ndipo mzee mmoja mvuvi, aliyekaa nyuma kabisa, akauliza swali moja tu: "Akishapata kiti, atasema nini?" Pakawa kimya. Mkutano ukafungwa bila mtu kumjibu mzee yule.

Leo gazeti hili lataka kumjibu, kwani swali lake si geni kando ya ziwa hili. Limekwisha kuulizwa, na mtu mmoja alilijibu kwa maisha yake. Jina lake ni Ramogi Achieng Oneko.

Bwana Oneko alizaliwa mwaka 1920 huko Uyoma, ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, katika nchi ya Kenya. Alisoma Maseno. Katika miaka ya 1940, wakati Mwafrika alipokuwa haruhusiwi kusema neno juu ya ardhi yake mwenyewe, alianzisha gazeti la Kiluo liitwalo Ramogi, na jina hilo likashikamana naye mpaka kufa kwake. Mwaka 1951 chama cha Kenya African Union kilimtuma Ulaya pamoja na Bwana Mbiyu Koinange, wakapeleke kilio cha Waafrika juu ya ardhi iliyochukuliwa na masetla.

Jibu la wakoloni lilikuja usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952. Alikamatwa, akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba na Paul Ngei. Mwaka 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Bwana Oneko alikata rufani, akashinda. Mahakama ya wakoloni wenyewe ikasema kuwa hana hatia. Je, alikwenda nyumbani? La! Mahakama ilimfungulia mlango mmoja, na Serikali ikamfungia mwingine. Alitiwa kizuizini, akakaa huko mpaka mwaka 1961.

Msomaji asidhani kuwa mambo hayo yalikuwa ya Kenya peke yake. Hapa kwetu, Jimbo la Ziwa lilikatazwa TANU tangu mwaka 1954 mpaka 1958. Wazee wetu walifanya kazi ya chama bila ruhusa ya kuweka hata ubao wa tawi. Mwaka ule wa 1958 Mwalimu Nyerere mwenyewe alisimamishwa mbele ya hakimu kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya pauni 150. Siku zile mtu aliyeshika kalamu alijua bei yake. Basi wananchi walipomchagua mwandishi hawakumchagua kwa ajili ya kujulikana. Walimchagua kwa kuwa wameona amelipa.

Mwaka 1963 watu wa mji wa Nakuru walimchagua Bwana Oneko kuwa Mbunge wao. Tuangalie jambo hili vizuri. Nakuru si Uyoma. Ni mji wa watu wa makabila mengi, katikati ya nchi iliyokuwa ya masetla. Hawakumwuliza kwao ni wapi. Wale wanaotuambia kuwa mgombea sharti atoke katika ukoo wetu, au avue samaki katika mwalo wetu, wasome habari ya Nakuru waone haya.

Akafanywa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii. Hapo ndipo swali la mzee wa Kirumba linapoanza. Mwaka 1964 Waziri Oneko aliliongoza jambo kubwa: Shirika la Utangazaji la Kenya lilitwaliwa na Serikali, likawa Sauti ya Kenya, chini ya wizara yake. Nia ilikuwa safi. Nchi huru haiwezi kuacha sauti yake mikononi mwa watu waliowekwa na mkoloni. Sisi tungalikuwapo tungalipiga makofi.

Lakini makofi yasitufumbe macho. Chombo kilichotoka mkononi mwa mgeni hakikufika mkononi mwa mwananchi. Kiliishia mkononi mwa waziri. Maadamu waziri alikuwa Oneko, watu hawakuona hatari. Mwenye nyumba akiwa mwema, nani anauliza habari ya kufuli? Mwezi wa Aprili, 1966, Bwana Oginga Odinga alijiuzulu Umakamu wa Raisi, na Bwana Oneko akauacha uwaziri, wakajiunga na chama cha Kenya People's Union. Siku hiyo redio aliyoijenga ilibaki kwa Serikali aliyoiacha. Yeye alitoka mikono mitupu.

Twalisema jambo hili bila kumdharau, kwani kosa hilo ni la watu wema wengi. Mtu mwema akipata mamlaka huyapanua kwa kuwa ajua kuwa yeye hatayatumia vibaya. Husahau kuwa kiti hakizeeki pamoja naye. Kesho kitakaliwa na mwingine, na mamlaka yale yatakuwa pale pale yakimngoja.

Hata hivyo, tumtazame alivyotoka. Alikuwa na uwaziri, gari na walinzi. Alikuwa amekwisha kuteseka miaka tisa. Nani angalimlaumu kama angalikaa kimya akala jasho lake? Aliona kuwa njia inayofuatwa na wenzake siyo ile waliyofungwa kwa ajili yake, akaondoka. Sheria ikatungwa upesi kwamba Mbunge aliyehama chama sharti arudi kwa wapiga kura. Alirudi Nakuru mwezi wa Juni, 1966, akashindwa. Akakosa uwaziri, akakosa na ubunge.

Kisha ikaja Oktoba ya 1969. Raisi Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, pakatokea fujo, risasi zikapigwa, watu wakafa. Chama cha KPU kilipigwa marufuku, na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Bwana Oneko alikaa humo mpaka mwaka 1975. Yule aliyemfunga sasa alikuwa mwenzake wa Kapenguria. Ndugu, hapa moyo wa mzalendo unauma kweli. Mkoloni alipomfunga bila hukumu tulisema ni dhuluma. Mwafrika mwenzake alipomfunga vivyo hivyo wengine walisema ni usalama. Dhuluma haibadiliki jina kwa kubadili rangi ya mkono.

Vyama vingi viliporudi Kenya, watu wa Rarieda, huko huko kwao Uyoma, walimpeleka Bungeni mwaka 1992 kwa tiketi ya FORD-Kenya. Alikuwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Alifariki tarehe 9 Juni, 2007, wa mwisho katika wale sita wa Kapenguria.

Na hapa nchini tunao mfano wetu. Hayati Benjamin Mkapa alikuwa mhariri wa magazeti ya The Nationalist na Uhuru, kisha Daily News. Akawa Mbunge, akawa Waziri, na mwaka 1995 akawa Raisi. Njia ya kutoka chumba cha mhariri kwenda Bungeni si ya ajabu, wala hatuikatai. Mwandishi aliyetembea vijijini huzijua shida za watu kuliko mtu wa ofisini. Tunachokataa ni kumchagua mtu kwa sababu tumezoea kuisikia sauti yake asubuhi.

Basi, ndugu wa matawi, mwandishi akija kuomba kura zenu mwulizeni haya. Aliandika nini wakati kuandika kulipokuwa na hasara? Akipewa kiti, ataufungua mlango wa habari kwa yule anayempinga, au atatafuta kufuli? Na siku kiti kitakapomwambia aseme asiloliamini, je, ataweza kuinuka? Asiyeweza kujibu, mwacheni aendelee na kazi yake redioni. Huko atatufaa zaidi.

Nasi tunaoandika gazeti la chama tusijitoe. Wako wanachama wanaotaka tuwe tarumbeta tu. Kiongozi akikohoa, sisi tuandike kuwa ameimba. Tukikubali hivyo, siku ya shida hatutakuwa na mtu wa kutusikiliza, hata katika matawi yetu. Chama kinachoogopa gazeti lake chenyewe kimekwisha kuwaogopa wanachama wake.

Cheo ni dhamana. Maneno hayo tuliyakariri tangu shuleni, na kuyakariri hakuna gharama. Bwana Oneko aliirudisha dhamana mkononi mwa wenyewe alipoona hawezi kuitunza kwa haki, na gharama yake ilikuwa miaka sita ya kizuizini.

Mzee wetu wa Kirumba, jibu lako ndilo hilo. Mkutano ujao usikae nyuma. Kaa mbele, uliulize swali lako tena, na safari hii mkutano usifungwe kabla ya mgombea kujibu.