Kamera ni Yako, Ufunguo ni wa Nani?

Wadau, siku hizi kila kitu kinaingia kwenye intaneti: kamera ya dukani, taa, mita, hata friji. Ndani yake mna kompyuta ndogo, na mara nyingi kompyuta hiyo huendeshwa na mfumo endeshi. Swali langu ni hili: mfumo huo ukiwa na tundu, nani ana haki ya kuliziba?

Watetezi wa programu huria wanajibu haraka haraka: tumia mfumo ambao msimbo wake uko wazi, basi, kazi imekwisha. Mimi niko upande wao, lakini hilo ni nusu ya jibu.

Tukumbuke Oktoba 21, 2016. Kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu, kikazitumia kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani. Twitter na Netflix zikagoma kufunguka kwa watu wengi. Cha ajabu, vifaa hivyo vilikuwa vinatumia Linux, mfumo huria kabisa! Mirai haikuhitaji kuivunja Linux. Ilijaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yale ya "admin admin", mlango ukafunguka. Na kuna kamera ambazo hata mwenye nazo hakuwa na njia ya kulibadilisha neno hilo. Uhuria uliishia kiwandani, haukumfikia mnunuzi.

Sasa tazama ulipomfikia. Mwaka 2003 Linksys ilibanwa ikatoa msimbo wa ruta yake ya WRT54G, kwa kuwa ilikuwa imetumia Linux na leseni ya GPL inadai hivyo. Kutokana na msimbo ule, mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao bado unahudumia ruta zilizokwisha kususwa na viwanda vyake.

Linganisha na Revolv, kiboksi cha kuongoza vifaa vya nyumbani kilichouzwa kama dola 300. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest mwaka 2014, Mei 2016 seva zikazimwa. Kiboksi kikabaki pambo la mezani.

Lakini msimbo wazi nao unataka mtunzaji. Julai 2024 Arm ilitangaza kwamba mfumo wake huria wa Mbed utafika mwisho Julai 2026. Msimbo haufutiki, yeyote anaweza kuuendeleza. Sawa, ila nani atakesha akiziba matundu bure?

Kwa maoni yangu tudai vitatu kwa pamoja: msimbo wazi, kifaa kisichofungwa kufuli, na muda wa matengenezo ulioandikwa kwenye boksi. Si ndoto. Tangu Aprili 29, 2024 sheria ya Uingereza inakataza maneno ya siri ya kiwandani yanayofanana, na inamlazimu mtengenezaji kutaja muda huo.

Nanyi mlioko kafe, hebu muulizeni mhudumu: ruta ya hapo neno lake la siri lilishabadilishwa, au bado ni lile la kiwandani? Leteni majibu hapa tujadili.