MTUNGI MTUPU HULIPWA, FUNDI HALIPWI

Ndugu wafanya kazi,

Mwezi uliopita sisi mafundi wa kukata vyuma tulikaa bure karakanani siku mbili kwa sababu oksijeni haikuletwa. Siku hizo mbili zikakatwa katika mshahara. Tulipouliza, tukajibiwa kwamba gesi ni ghali, muuzaji ni mmoja, basi hakuna la kufanya. Lakini mitungi mitupu iliyolala nyuma ya karakana ililipiwa kodi yake siku zile zile. Chuma kikilala hulipwa, fundi mwenye watoto halipwi. Je, hiyo ni haki?

Tujue kwanza kinachouzwa. Katika sehemu 100 za hewa, 78 ni naitrojeni na karibu 21 ni oksijeni. Mungu alipompulizia Adamu pumzi hakumwandikia hati ya malipo. Mwaka 1895 Mjerumani Carl von Linde alifaulu kuipoza hewa mpaka ikawa maji. Maji hayo yakianza kupata joto, naitrojeni hutoka kwanza, oksijeni hubaki nyuma. Kazi hiyo yataka mashine kubwa na umeme mwingi, wala sisemi gesi itolewe bure. Wanaoitengeneza ni wafanya kazi kama sisi, nao wastahili ujira wao.

Lakini watazameni wenye mali. Kampuni ya Linde ilinunua AGA ya Sweden mwaka 2000, ikanunua BOC ya Uingereza mwaka 2006, na mwaka 2018 ikaungana na Praxair ya Marekani. Air Liquide ya Ufaransa nayo ilinunua Airgas ya Marekani mwaka 2016. Hivyo ndivyo wauzaji wanavyopungua duniani.

Na hata kabla ya kumezana walijua kupatana. Mwaka 2002 Tume ya Ulaya ilizitoza kampuni saba faini ya Yuro milioni 25.72 kwa jumla. Kosa lao ni kwamba katika Uholanzi, kati ya mwaka 1993 na 1997, zilikula njama juu ya bei ya gesi, kodi ya mitungi na gharama ya kuipeleka kwa wanunuzi. AGA, BOC, Air Liquide na Air Products zilikuwamo.

Basi, tajiri akiungana na tajiri huambiwa ni mtu wa biashara. Mfanya kazi akiungana na mwenzake huambiwa ni mchochezi! Ikiwa wao wenye mamilioni waona hawawezi kusimama mmoja mmoja, sisi wenye mshahara wa mwezi tutasimamaje peke yetu?

Naomba viongozi wetu wapeleke madai matatu mezani. Kwanza, siku ya kukosa gesi ilipwe kamili, kwa maana fundi amefika kazini na mikono yake iko tayari. Pili, wajumbe wetu waonyeshwe hesabu ya kodi ya mitungi, na mitupu irudishwe upesi. Tatu, wauzaji zaidi ya mmoja waitwe watoe bei wazi.

Nawe ndugu usiyelipa ada ya chama, ukidhani jambo hili ni la mafundi wa gesi tu, kumbuka kwamba leo imekosekana gesi. Kesho itakosekana mafuta, au mbao, nawe utakatwa vile vile.

Umoja ni nguvu.

Fundi wa Karakana