Monita yenye TV iuzwe kwa ukweli

Vijana wenzetu, hapa Kakuma monita za kompyuta zenye TV ndani zinapita mkono kwa mkono, wengine wanabadilishana na simu. Biashara hatuikatai. Tunachokataa ni mtu kusema "hii ni TV kamili" na anajua haishiki stesheni hata moja.

Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015. Monita nyingi za zamani, TV yake ni ya analogi tu. Bila king'amuzi utaona chenga. Mama ameuza sehemu ya mgao ili watoto waone habari, halafu anabaki na kioo. Hiyo si ujanja, ni kumnyang'anya mwenzako chakula.

Kwa hiyo muuzaji awashe mbele ya mnunuzi na aseme kama inataka king'amuzi. Adapta pia isomwe: ikiandikwa volti 12, betri ya sola inaweza kuifaa. Kwa kompyuta bado ni skrini nzuri ya kusomea, basi iuzwe bei ya skrini.

Na nyinyi wa mashirika, mkigawa vifaa vilivyotumika, andikeni juu yake kinachofanya kazi na kisichofanya.